Sehemu ya 4: Kaseti za mjomba, na kijana wa Mlimba anayesikiliza mayowe

Mama zangu, dada zangu, na akina baba wachache mnaojificha humu mkisoma bila kukomenti. Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, nimebandika maharage, sasa naandika yakiwa yanachemka.

Najua niliahidi leo tuongelee kumwachisha mtoto ziwa. Itabidi isubiri. Juzi mama mmoja wa Mlimba kaniandikia inboksi, na kaniruhusu nieleze bila kumtaja. Kijana wake yuko kidato cha pili. Anashinda na hedifoni masikioni, anasikiliza watu wanaopiga mayowe, na nyuma ya daftari la Kemia kachora mafuvu. Shangazi yake kasema hiyo ni roho chafu, simu ichomwe moto na mtoto apelekwe kuombewa. Mama anauliza: "Nesi, huu ni ugonjwa? Nimlete?"

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, maana na mimi nayasikiliza hayohayo mayowe. Wenzangu wa wodini wanajua. Tukimaliza kukabidhiana zamu alfajiri, nikiwa kwenye bajaji narudi nyumbani, mimi siwashi bongofleva wala kwaya. Nawasha roki, tena ile nzito wanayoiita metali. Nina miaka 36, nina watoto wawili, naenda kanisani, nalipa michango ya jumuiya. Sijaona pepo.

Sasa ngoja niwaeleze ilivyoanza, halafu nitarudi kwa huyo kijana. Ni ndefu, kama unanyonyesha kaa vizuri uegemee.

Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa gadi wa treni ya mizigo TAZARA. Reli ile ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, na sisi wa bondeni inatupitia mlangoni: Mang'ula, Ifakara, Mlimba, kisha inapanda milima kwenda Makambako. Mjomba aliajiriwa 1976, kijana mbichi wa miaka 20. Wenzake wakirudi kutoka Zambia na sabuni na mablanketi, yeye alirudi na kaseti. Alikuwa na rafiki Kapiri Mposhi aliyekuwa anamrekodia kutoka kwenye santuri. Majina ya bendi aliyaandika mwenyewe kwa kalamu ya Bic, herufi kubwa zilizolala upande: WITCH. AMANAZ. NGOZI FAMILY. QUEEN.

Wengi hamjui kwamba Zambia walikuwa na roki yao. Wanaiita Zamrock. Miaka ya 1970 mwanzoni shaba ilikuwa bado inalipa, vijana wa migodini walikuwa na hela ya kununua gitaa, na serikali ya Kaunda ikataka redio ipige zaidi muziki wa nyumbani. Basi vijana wakachukua gitaa la umeme la Kizungu wakalichanganya na midundo yao, wakaimba kwa Kiingereza na kwa lugha za kwao. WITCH ndio walikuwa vinara. Jina hilo limemponza mjomba sana, maana bibi yetu alikuwa na Kiingereza kidogo cha misheni, akasoma kwenye kaseti neno "mchawi" akataka kuitupa chooni. Kumbe ni herufi za mwanzo za maneno yanayosema tunakusudia kuleta vurugu. Sijui kama bibi angefarijika kuambiwa hivyo.

Albamu yao ninayoipenda ni Lazy Bones!!, ya 1975. Gitaa lake lina mkwaruzo kama mashine ya kukoboa mpunga inayowashwa asubuhi ya baridi, inakohoa kwanza ndipo inashika. Mwimbaji wao, Emanuel Chanda, walimpa jina la Jagari kwa ajili ya Mick Jagger wa Rolling Stones, lakini mimi nikimsikiliza simsikii Jagger. Nasikia kijana wa Afrika anayejua kwamba mambo yanaelekea kuharibika. Na kweli, bei ya shaba ilianguka miaka hiyohiyo.

Amanaz ni wapole zaidi. Albamu yao inaitwa Africa, 1975 pia, na kama una kichanga kinachogoma kulala saa nane usiku, hiyo ndiyo ya kumwekea kwa sauti ya chini. Nimeijaribu kwa wanangu wote wawili. Wa kwanza alilala. Wa pili hakulala kwa chochote duniani, kwa hiyo tusimhesabu.

Mjomba alirudi kwetu Lipangalala mwishoni mwa 1997. Nilikuwa na miaka minane. Alishuka na begi la kaseti na redio, na suruali imefungwa kwa kamba kiunoni kwa sababu mkanda ulikuwa hauna tundu la kutosha. Mama akamuuguza. Alikuwa na sahani yake na kikombe chake, vinaoshwa peke yake, vinaanikwa peke yake. Mimi niliruhusiwa kusimama mlangoni tu. Kazi yangu ilikuwa kurudisha kaseti nyuma kwa kalamu ya Bic, unaichomeka kwenye lile tundu lenye meno unazungusha, ili tusimalize betri. Nikimaliza nairusha kitandani, yeye anaiweka. Tulikuwa tunaongea hivyo, mimi mlangoni, yeye kitandani, gitaa likikwaruza katikati.

Nikiuliza anaumwa nini naambiwa kifua. Majirani walisema karogwa kazini, kuna mtu kataka nafasi yake. Alikufa Mei 1998, kabla mpunga haujaisha shambani, na kwenye msiba likasemwa neno hilohilo, kifua.

Miaka kumi na kitu baadaye niko chuoni nasomea diploma ya uuguzi, mwaka wa pili. Mwalimu anaandika ubaoni dalili: kupungua uzito, homa za muda mrefu, kikohozi, fangasi mdomoni, kuharisha kusikokoma. Mkono wangu ukaacha kuandika wenyewe. Nilikuwa naandika habari za mjomba.

Dawa za kufubaza VVU zilianza kutolewa bure kwenye hospitali zetu za umma mwaka 2004. Alizikosa kwa miaka sita. Hilo silaumu mtu. Ninacholaumu ni kwamba alipelekwa hospitali fulani mara mbili, na mara zote mbili aliyemhudumia aliandika kwenye karatasi, akaikunja, akampa mama aipeleke dirishani, na hakuna aliyemwambia mgonjwa mwenyewe neno. Mama naye akanyamaza nyumbani. Mjomba naye, nina hakika alijua, akanyamaza kitandani. Nyumba nzima ilikuwa inanong'ona, kitu pekee kilichopiga kelele mle ndani ilikuwa redio.

Na hapa ndipo Queen wanapoingia.

Mnamjua Freddie Mercury? Alizaliwa Unguja, Septemba 5, 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi wake Waparsi. Alisomeshwa India, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza. Siku hizi kuna makumbusho yake Mji Mkongwe, watalii wanapanga foleni. Mjomba alikuwa anajisifu kwa jambo hilo kama vile amezaliwa naye nyumba moja: "Huyu ni Mtanzania mwenzetu!" Na katika ule wimbo wao mrefu maarufu wa 1975 kuna mahali wanaimba neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa madrasa analisema kabla ya kula. Mzungu akilisikia anashangaa limefikaje pale. Mtu wa pwani hashangai.

Albamu yenye wimbo huo, A Night at the Opera, naiheshimu kuliko ninavyoipenda. Ni kama pilau ambalo mpishi ametia kila kiungo kilichokuwa kabatini ili wageni wajue anavyo. Naipenda zaidi Sheer Heart Attack ya 1974, na sababu yangu ni ya kinesi kabisa: mpiga gitaa wao, Brian May, aliugua homa ya ini mwaka huo, akapona, akapata kidonda cha tumbo. Wenzake wakarekodi huku wakimwachia nafasi za gitaa wazi, akaja kuzijaza alipopata nafuu. Ukiisikiliza hujui. Lakini mimi najua, na nikisikia gitaa linaingia namfikiria mtu aliyetoka wodini juzi bado mwekundu macho.

Ila ya kwangu, ile ambayo nyumba ikiungua nitatoka nayo, ni Innuendo. Ilitoka Februari 1991, Freddie akiwa anajua anakufa. Mimi nimekaa na wagonjwa wa mapafu, najua pumzi moja ndefu inamgharimu mtu nini. Nikisikia anavyoishikilia sauti kwenye wimbo wa mwisho wa albamu ile, mkono wangu unatafuta kipimo cha oksijeni. Novemba 23, 1991 alitoa taarifa kwa dunia nzima kwamba ana UKIMWI. Kesho yake akafa, miaka 45. Alisubiri mpaka siku ya mwisho, ndiyo, na watu wengine wanamlaumu kwa hilo. Mimi simlaumu. Siku moja ni nyingi. Kwetu haikupatikana hata hiyo moja.

Na WITCH? Waliomzunguka Jagari katika kundi lile la mwanzo karibu wote walikufa, na UKIMWI ndio uliopita nao wengi. Alibaki yeye, akawa mwalimu, akachimba vito, akasahauliwa. Kisha wageni wakagundua santuri zile za zamani, wakaanza kumtafuta, na mwaka 2023, akiwa na miaka 70 na ushee, akatoa albamu mpya kwa jina lilelile la WITCH, inaitwa Zango. Si nzuri kama Lazy Bones!!, nasema ukweli, imesafishwa sana, ule mkwaruzo umepigwa pasi. Lakini niliinunua kwa hela yangu. Kuna mtu katoka hai, unamwachaje?

Naona maharage yameiva, nimeyashusha. Tuendelee.

Mtasema hiyo ni roki ya wazee, kijana wa Mlimba anasikiliza mayowe. Haya, twende kwenye mayowe.

Baba wa metali ni bendi ya Uingereza inaitwa Black Sabbath, kutoka Birmingham, mji wa viwanda. Albamu yao ya kwanza ilitoka Februari 13, 1970, waliirekodi karibu yote kwa siku moja, na inaanza kwa mvua, radi na kengele ya kanisa. Dada yangu niliyemsikilizisha alifanya ishara ya msalaba. Lakini mpiga gitaa wao, Tony Iommi, ana kisa ambacho huwa nawasimulia wagonjwa. Akiwa na miaka 17 alikuwa kibarua wa kiwanda cha mabati, na siku yake ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, mkono ambao yeye, kwa kuwa ni wa mashoto, ndio anaobonyezea nyuzi. Madaktari wakamwambia gitaa basi. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea kofia za vidole, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza zisimuumize. Nyuzi zikilegea sauti inakuwa nzito, inakwenda chini. Uzito ule ambao shangazi anasema ni wa kuzimu, asili yake ni kijana mwenye vidonda anayetafuta mahali pasipouma.

Niliwahi kumsimulia hivyo kijana mmoja niliyekuwa namfunga kidonda, mashine ya kukoboa mpunga imempunguza kidole. Nikadhani atafarijika. Akaniangalia akaniuliza, "Huyo mzungu alilipwa fidia?" Jamani. Sikuwa na jibu.

Mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, watu walimwita shetani miaka hamsini. Julai 5, 2025 aliimba mara ya mwisho mjini kwao, amekaa kwenye kiti kwa sababu ya Parkinson, na mapato ya onyesho yakapangiwa misaada, mojawapo hospitali ya watoto ya Birmingham. Siku kumi na saba baadaye akafa. Sisemi alikuwa mtakatifu, alikunywa na kufanya mambo ambayo siwezi kuyaandika humu wakwe wangu wakiwepo.

Na mayowe yenyewe hayako mbali nasi. Nairobi wapo vijana wa metali miaka mingi. Walikuwepo wawili wakijiita Duma, 2020 wakatoa albamu yenye jina hilohilo kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mimi nikasema ngoja niwasikilize, Waafrika Mashariki wenzangu. Mama zangu! Hakuna wimbo wa kuimba na mtu. Ni mashine, ngoma za kasi ya cherehani, na mtu anayepasua koo. Mara ya kwanza niliizima dakika ya tatu. Mara ya pili nikaisikiliza yote, na ilinichukua muda kujua kwa nini siipendi na bado siwezi kuiacha.

Ni sauti ya leba. Ndiyo hiyo. Ile sauti inayotoka chini ya tumbo ambayo mama mwenyewe hajui kama ni yake.

Nilijifungua mtoto wangu wa kwanza mahali ambapo sitapataja. Nilipiga kelele. Aliyekuwa ananihudumia, tena mwenzangu wa kazi, akanipiga kibao cha paja akasema lile neno mnalolijua nyote, kwamba mbona wakati wa kuitafuta mimba hukulia. Nikanyamaza. Nilizaa mtoto wa kilo tatu na nusu nimeuma kanga. Wiki nzima taya liliniuma kuliko kidonda. Tangu siku hiyo, mama akiwa kwenye mikono yangu anapiga kelele anavyotaka. Namwongoza pumzi, namwambia lini asukume na lini asisukume, lakini simwambii anyamaze. Wengine wanaomba, wengine wanatukana, mmoja aliimba wimbo wa sherehe za shule. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na pepo.

Kwa hiyo, mama wa Mlimba, jibu langu ni hili. Muziki peke yake si ugonjwa, na mafuvu ya kwenye daftari si dalili. Mimi nikimwangalia kijana naangalia mengine. Analala usiku? Anakula? Ana rafiki hata mmoja? Kaacha mpira aliokuwa anaupenda? Ana alama za kujikata mikononi, anasema maneno ya kutaka kufa, hata kwa utani? Hayo ukiyaona, mlete, siku hiyohiyo, usisubiri mavuno. Na ungemleta hata kama angekuwa anasikiliza kwaya.

Ninachokiogopa kwake ni masikio. Hapa sina utani. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 80, na mtoto iwe desibeli 75. Sauti ikipanda mpaka 90, muda salama unashuka kuwa saa 4 tu kwa wiki nzima. Mwambie sauti isipite asilimia 60 ya uwezo wa simu, na avue hedifoni kila baada ya muda masikio yapumzike. Asikie mlio wa nyenje masikioni baada ya kuzivua? Basi amezidisha. Na ninyi mnaomsema huyu mtoto, nimewaona kwenye kigodoro Kibaoni na vichanga mgongoni, mmesimama mbele ya spika refu kuliko mlango. Sikio la mtoto likishaharibika kwa kelele halirudi.

Na kwa kuwa nimetaja UKIMWI, niseme la kazi. Mjamzito, pima unapoanza kliniki, na mwenzi wako apime. Bila dawa, kati ya akina mama 100 wenye VVU, watoto kuanzia 15 hadi 45 wanaweza kuambukizwa, tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Mama akianza dawa mapema na kuzimeza kila siku, na mtoto akapewa zake, wanakuwa chini ya 5. Nimewaona hao watoto, wanakuja wamepimwa hawana, wananivuta saa mkononi.

Kaseti za mjomba hazipo tena. Mama alizihifadhi kwenye ndoo ya plastiki chini ya kitanda miaka yote, mpaka Lumemo ulipofurika ukatuingilia ndani. Tulianika utepe kwenye kamba ya nguo kama utumbo wa kuku, haukufaa kitu. Mama alikasirika siku ile kuliko alivyokasirikia mchele uliolowa, na hakusema kwa nini.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwake, namenya ndizi, simu ikiwa mezani inapiga Lazy Bones!! kwa sauti ya chini. Mama akaacha kuchambua mboga. Akasema, "Hiyo alikuwa anaipiga akinyoa ndevu." Nikanyamaza nisimkatize. Akachukua majani mengine, akayachambua, akayaweka. Halafu akasema bila kunitazama, "Haikuwa kifua, mwanangu. Waliniambia dirishani."

Nikamwambia najua, mama. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu chuoni. Akasema, "Na wewe ukanyamaza." Akaniambia niongeze sauti kidogo, haisikii vizuri.

Sehemu ya 5 ni kumwachisha mtoto ziwa, safari hii kweli. Wenye maswali wekeni hapo chini. Mama wa Mlimba, kijana akirudi shule muulize bendi inaitwaje, uniandikie. Kama siijui nataka kuisikia.